Vipimo Nyuma ya Risiti

Mimi risiti situpi. Watu wengine wakishalipa supamaketi wanaikunja bila kuitazama, au wanaiacha palepale juu ya kaunta. Mimi naisoma hapohapo, mstari kwa mstari, na foleni iliyo nyuma yangu isubiri. Mume wangu aliniita Bibi Risiti tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, na jina likashika mtaa mzima. Halinikeri. Mimi ni fundi cherehani. Ukikosea sentimita mbili, gauni halifungi. Mtu wa kazi kama hiyo huwezi kumwambia alipe tu aende zake.

Na nikishaisoma bado siitupi. Nyuma ya risiti ni peupe, na hapo peupe ndipo ninapoandika vipimo vya wateja: kifua, kiuno, nyonga, urefu. Mteja akiingia na mfuko mkononi namwambia, "Lete risiti yako hiyo," namwandika nyuma yake, kisha naibana kwa pini kwenye kitambaa chake. Zilizomaliza kazi nazichoma kwenye msumari ukutani. Ukitaka kujua mtaa wetu umenunua nini na umenenepa kiasi gani, msumari wangu utakueleza yote mawili.

Mtu mmoja tu sikuwahi kumpima: wifi yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye anaishi kwetu mwaka wa tatu sasa. Yeye ni keshia wa supamaketi, kaunta namba tatu. Sare zake alikuwa akizipeleka kushonwa mtaa wa pili, tena anapita na kitambaa chake mbele ya dirisha langu bila haya.

"Nishonewe na wifi?" aliniambia siku nilipomuuliza. "Unibane kwapani makusudi nishindwe kuinua mkono? Sikupi nafasi hiyo."

Alicheka, nami nikacheka. Lakini iliniuma, sitaki kuficha.

Basi Jumatatu ile supamaketi wakabandika tangazo jekundu kwenye rafu ya sukari: OFA YA WIKI! KILO MBILI ELFU TANO BADALA YA ELFU SITA. KILA SIKU SAA 2 – SAA 6. Jumanne asubuhi nikaenda. Nikapanga foleni ya wifi, kama anavyofanya kila mtu wa mtaani kwetu. Ukiwa na mtu wako kaunta namba tatu, namba nne unaendea nini? Mashine ikalia pii, nikalipa, nikapewa risiti, nikasoma. Sukari, elfu sita.

Damu ikanichemka. Ningeweza kumnong'oneza. Lakini mimi kunong'ona sikujaliwa.

"Nimepunjwa!" nikapaza sauti. "Tangazo linasema elfu tano, hapa naona elfu sita! Huu ni wizi wa mchana kweupe!"

"Wifi," akasema polepole, "bei inasomwa na mashine. Mimi sigusi kitu."

"Kwani kaunta hii ya nani? Si yako?"

Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu. Foleni nzima ikaanza kupekua mifuko kutafuta risiti. Meneja akaja mbio, mwanamume wa tai nyembamba na kalamu tatu mfukoni, akanirudishia elfu yangu moja, akaniomba radhi. Nikatoka kifua mbele, sukari begani, risiti yangu kwenye pochi. Sikugeuka kumtazama wifi.

Jumatano majirani watano wakaenda kudai. Wote walikuwa wamelipa elfu sita, na risiti zote tano zilitoka kaunta namba tatu. Zingetoka wapi kwingine, ikiwa sote tunapanga kwake? Hilo meneja hakujiuliza. Alihesabu droo ya wifi mara tatu, akaikuta sawasawa, haijapungua wala haijazidi.

"Hilo ndilo linalonitia shaka zaidi," akamwambia. "Umeifanya kwa ufundi."

Akamvua beji ya jina. Akamwambia arudi Alhamisi saa kumi jioni, mwenye duka atakuja kusaini barua ya kumfukuza, na sababu itaandikwa: wizi.

Wifi alitueleza hayo akiwa amesimama mlangoni, mkoba bado begani. Mwezi uliofuata alikuwa awe msimamizi wa makeshia wote. Alikuwa ameisubiri nafasi hiyo miaka mitatu, ameamka alfajiri kwa ajili yake, amesimama kaunta na homa. Sasa angetoka na barua yenye neno wizi, na keshia mwenye barua ya namna hiyo haajiriwi tena popote, hata kwenye kibanda cha kuuza vocha.

"Nilikuambia sigusi kitu," akaniambia. Hakupiga kelele. Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Mume wangu akaisukuma sahani yake. "Umemponza mdogo wangu," akasema. "Kwa elfu moja."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Alhamisi mchana nilikuwa napiga pasi suruali ya mlinzi wa ghala. Alikuwa amepita dirishani kwangu Jumatano alfajiri akitoka lindoni, mfuko wa sukari mkononi, akaniomba suruali ya sare iwe tayari kesho yake kabla hajaingia zamu. Nilimwandika nyuma ya risiti yake kama kawaida, nikaibana kwenye mkanda wa suruali. Sasa pasi ilikuwa inakwenda yenyewe tu, akili yangu iko kwenye saa ya ukutani. Saa tisa na dakika ishirini. Wifi alikuwa ameshatoka, amevaa vizuri kama mtu anayekwenda msibani.

Nikasikia harufu. Mama yangu! Pasi ilikuwa imeigusa risiti, na karatasi za risiti hazitaki joto, zinageuka nyeusi palepale. Nikaichomoa, nikaipepea, nikaipuliza. Kona moja ilikuwa imekwisha. Nikaigeuza huku na huku kuona kama kiuno cha mlinzi kimesalimika, na macho yangu yakaangukia upande wa mbele.

Sukari kilo 2. Elfu tano.

Elfu tano! Nikakaa kwenye kiti. Nikasimama. Kumbe kuna mtu mmoja duniani alipata ofa! Nikatazama saa iliyochapwa juu: 05:47. Saa kumi na mbili kasorobo za asubuhi, wakati supamaketi ndiyo kwanza imefungua kwa ajili ya wanunuzi wa mikate. Lakini ofa huanza saa mbili! Huyu mtu alinunua zaidi ya masaa mawili kabla ya ofa kuanza, akaipata. Mimi nilinunua katikati ya ofa, nikaikosa. Nikaitoa yangu kwenye pochi: 09:42. Nikakimbilia msumarini. Wateja wangu wa ng'ambo ya barabara, ambao hawamjui wifi: 08:15, kaunta namba moja, elfu sita. 10:30, kaunta namba nne, elfu sita. 11:05, namba nne tena, elfu sita. Risiti hizo zilikuwa hapo ukutani tangu Jumatatu na Jumanne, zinanitazama! Jana nilikuwa nimejiinamia kwa aibu, sikuinua hata kichwa.

Lakini kwa nini mlinzi peke yake? Nikazipanga zote juu ya meza ya pasi kama vipande vya gauni. Nane. Tisa. Kumi. Kumi na moja. Zote ghali. Tano, rahisi. Nikasema kwa sauti, peke yangu chumbani, "Tangazo linasema saa mbili mpaka saa sita. Mbili, tatu, nne, tano…"

Nikapiga ukelele. Cherehani yenyewe ilishtuka.

Tano iko kati ya mbili na sita! Sisi tukisema saa mbili asubuhi, mashine inaandika nane. Sote tunajua, tunaisoma nane na kusema mbili bila hata kufikiri, mtoto wa darasa la kwanza anaweza. Lakini kuna mtu alikaa mbele ya kompyuta akaandika vile anavyosema: mbili mpaka sita. Na kompyuta ikamtii. Ofa ilikuwa inaanza saa nane za usiku, watu wamelala, na inakwisha saa kumi na mbili asubuhi, watu wanapiga mswaki!

Saa tisa na nusu. Supamaketi ni mwendo wa robo saa kwa mtu mwenye staha, na staha mchana huo sikuwa nayo. Nikachomoa pasi, nikazizoa risiti zote za msumari, nikaikumbuka ya mlinzi, ambayo kwa haraka zangu nilikuwa nimeibana tena kwenye suruali. Pini ikagoma kutoka. Nikaibeba suruali yote, nikatoka mbio, tepu ya kupimia inapepea shingoni.

Pale kwenye kona nikapishana na mlinzi mwenyewe, anakuja kuchukua nguo yake.

"Fundi! Suruali yangu!"

"Baadaye!" nikamjibu bila kusimama.

"Baadaye vipi? Naingia zamu saa kumi na moja!"

Akaanza kunifukuza. Sasa fikiria mwenyewe: mwanamke mzima anakimbia na suruali ya kiume, nyuma yake mwanamume anapiga kelele "Suruali yangu! Suruali yangu!" Wauza viatu wakasimama. Mmoja akauliza, "Mwizi?" Mwingine akajibu, "Hapana, mambo ya nyumbani hayo." Mama mmoja akanishangilia, "Usimrudishie, mwenzangu!" Pumzi zilikuwa zinanikata, nikajikuta nacheka huku nakimbia. Ningeweza kufa siku ile na ningekufa nimechangamka.

Nikapita mlango wa supamaketi, nikapita makaunta yote, nikasukuma mlango wa ofisi bila kubisha. Wifi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, sare yake imekunjwa magotini. Meneja alikuwa amesimama na faili. Nyuma ya meza alikaa mwenye duka, amewahi kabla ya saa kumi, mama mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba, na kalamu alikuwa ameshaishika.

"Usisaini, mama!" nikasema. "Shikamoo. Usisaini!"

"Marahaba," akajibu, akiitazama suruali. "Wewe ni nani?"

"Ni yule mteja wa Jumanne," meneja akadakia. "Ndiye aliyelalamika wa kwanza."

"Ndiye mimi. Na nilimlalamikia mtu asiye na kosa." Nikazimwaga risiti mezani, na suruali juu yake, na risiti yake kiunoni. "Mama, soma bei, kisha soma saa. Usisome kitu kingine, na tafadhali usigeuze nyuma, ni siri za wateja."

Akavaa miwani. Akasoma moja, ya pili, ya tatu. Wifi alizitazama risiti, hakunitazama mimi. Mlinzi akaingia anahema, akaona watu wazima wanakagua mkanda wa suruali yake, akaganda mlangoni.

"Kaunta moja nayo," mama akasema. "Na nne. Meneja, si ulinieleza ni kaunta tatu peke yake?"

"Malalamiko, mama, yalitoka…"

"Na hii ya saa kumi na mbili kasorobo imepata ofa. Fungua kompyuta niione."

Meneja akafungua. Sote tukainama, hata mlinzi. Kwenye kioo kulikuwa na mstari mmoja: SUKARI KILO 2. BEI 5,000. KUANZA 02:00. KUISHA 06:00.

"Nani aliandika hapa?"

"Mimi, mama. Kama ulivyoagiza. Saa mbili mpaka saa sita."

"Saa mbili ya lini?"

"Ya asubuhi, ma…" Akakwama.

"Hiyo saa uliyovaa mkononi, saa mbili asubuhi inaandika ngapi?"

Akaitazama saa yake kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma saa. Uso ulimshuka, na zile kalamu tatu zikamshuka pia, maana alikuwa ameinama mno.

"Nane, mama."

"Siku nne!" mama akasema, na kiganja kikatua mezani. "Siku nne nimewapa ofa panya wa stoo! Na huyu binti ulitaka nimwandikie wizi?"

Lakini alikuwa mama wa biashara, hakutaka kuamini kwa maneno. Akamwambia meneja aandike kumi na tano mpaka kumi na saba, yaani kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na moja, muda uleule tuliokuwa nao. Kisha akainuka. "Twende kaunta. Namba tatu. Binti, utasoma wewe."

Tukatoka kwa msafara: mama mbele, meneja, wifi, mimi na mlinzi ambaye sasa alikuwa ameikumbatia suruali yake. Makeshia wengine wakaacha kazi. Watu waliokuwa kwenye foleni walikuwa wameshanusa kwamba kuna jambo, wakasogea. Mama akachukua pakiti ya sukari kwenye rafu, akaiweka mbele ya wifi. Wifi akaishika kwa mikono miwili. Akaipitisha.

Pii.

Elfu tano!

Supamaketi nzima ikalipuka. Mimi niliruka, tepu ikamchapa meneja shavuni, na sikuomba radhi. Mama akatangaza kwamba kila mwenye risiti ya sukari tangu Jumatatu ailete arudishiwe elfu yake. Hapo ndipo jirani yangu mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "Fundi, yangu iko kwako!"

"Iko," nikamjibu, "lakini nyuma yake kuna nyonga zako. Unataka meneja azisome?"

"Basi mwachie elfu yake!" akasema, na watu wakavunjika mbavu.

"Rudi kazini kwako, mwanangu," mama akamwambia wifi. Akampa beji kwa mkono wake. "Na ule usimamizi wa mwezi ujao, uko palepale. Meneja, omba radhi."

Meneja akaomba radhi, kwa sauti ya kutafuta shimo la kuingia. Wifi akaipokea radhi, akaipokea beji. Lakini hakuketi. Akanigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne akanitazama usoni.

"Wewe, wifi."

"Abee."

"Wewe ni fundi. Jumanne ulinivua nguo hapa, mbele ya watu hawahawa. Basi nivalishe hapahapa."

Kicheko kilinikauka mdomoni. Nilikuwa nimekuja na risiti, nimekuja na mahesabu ya saa, nimekimbia mpaka kiatu kimelegea, na nilidhani hiyo yote ni radhi. Haikuwa. Nilikuwa bado sijamwambia neno.

Palikuwa na kreti tupu ya soda kando ya kaunta. Nikaipindua, nikapanda juu yake.

"Jamani!" nikasema, na sauti yangu mnaijua. "Jumanne nilisimama hapa nikamwita huyu mwizi. Sikumwambia wewe ni mwizi, lakini nilisema huu ni wizi na kaunta ni yake, na kila mmoja wenu alielewa. Nilikosea. Huyu hajawahi kumpunja mtu hata sumni. Ananiamkia kila asubuhi, anakula sahani moja na mimi, nami nilimsahau kwa elfu moja. Wifi yangu, nisamehe. Mbele ya watu wote hawa, nisamehe."

Sikutegemea kulia juu ya kreti ya soda.

Wifi hakusema nimekusamehe. Aliketi kwenye kiti chake, akajipangusa macho kwa mkono wa gauni, akaisogeza ile pakiti ya sukari kwangu. "Unanunua au huinunui? Foleni inasubiri."

Nikalipa elfu tano. Mashine ikatoa risiti. Hakunipa mara moja. Alichukua kalamu moja kutoka mfukoni kwa meneja, bila kumwomba, akainama nyuma ya kaunta, akaandika. Kisha akaninyooshea.

"Risiti yako, mteja. Ikague kabla hujaondoka."

Nikaikagua. Sukari, elfu tano, saa kumi na dakika kumi na mbili, hakuna kosa. Nikaigeuza. Nyuma, kwa mwandiko wake wa kubanana, palikuwa na namba nne: kifua, kiuno, nyonga, urefu. Na chini yake maneno mawili: Usinibane kwapani.

Nikazisoma zile namba kama ninavyosoma kila namba. Kifua sawa. Nyonga sawa. Urefu sawa. Kiuno, hapana. Miaka mitatu ninamwona akipita dirishani, na jicho la fundi haliihitaji tepu: alikuwa amejipunguzia sentimita sita nzima.

Alikuwa ananitazama, ananisubiri nifungue mdomo. Foleni nzima ilikuwa inanisubiri.

Nikaikunja risiti, nikaiweka kifuani, nikanyamaza.